Jinsi Watu Walivyojifunza Kuweka Zabibu Zisioze

Wasikilizaji wetu, lugha yetu yenyewe yaweza kutuanzishia habari ya leo. Katika Kiarabu, neno zabib ni jina la tunda lililokaushwa. Tunda lililo bado na maji yake huitwa inab. Watu wa pwani yetu walilichukua jina la kwanza wakalitumia kwa yote mawili, hata leo inatubidi kuongeza neno na kusema "zabibu kavu" tunapotaka zile za kutia katika pilau. Sababu yake si vigumu kuikisia. Tunda lililokauka huvumilia safari ya majuma mengi ndani ya jahazi. Tunda lenye maji halivumilii. Kilichofika ndicho kilichopewa jina.

Leo hatutasema habari za kukausha zabibu, wala za kukamua divai. Hizo ni njia mbili za kale sana za kuliokoa tunda kwa kuligeuza kuwa kitu kingine. Twataka kueleza jambo lililo gumu zaidi, yaani jinsi watu wa nchi mbalimbali walivyojitahidi kuiweka zabibu ibaki kuwa zabibu, yenye ngozi ngumu na maji matamu, miezi mingi baada ya kukatwa mtini. Mtu aweza kudhani ya kuwa hiyo ni anasa ya matajiri. Sivyo. Mkulima ambaye tunda lake laoza kwa siku chache hana budi kuliuza siku ile ile aliyolichuma, kwa bei atakayoitaja mnunuzi. Mkulima ambaye tunda lake laweza kukaa miezi minne aweza kumwambia mnunuzi aende zake, arudi siku nyingine. Habari ya kuhifadhi zabibu ni habari ya uwezo wa kungoja, na nani aliye nao.

Yapasa kwanza tumjue adui. Zabibu ikisha kukatwa haiivi tena. Embe lililochumwa likiwa gumu hulainika na kupata utamu ndani ya nyumba, lakini zabibu iliyokatwa ikiwa chachu hubaki chachu mpaka mwisho wake. Hata hivyo haijafa. Yavuta pumzi, yaani hutumia hewa na sukari yake polepole, na kadiri joto linavyozidi ndivyo pumzi yake inavyokwenda mbio. Tena hupoteza maji, na upungufu huo huonekana kwanza katika vikonyo. Ndiyo maana kichala cha siku nyingi hujulikana kwa vikonyo vilivyogeuka rangi ya kahawia na kukatika kama njiti, hata kama matunda yenyewe bado yapendeza macho.

Lakini adui aliye mkubwa kuliko hayo ni ukungu wa kijivu, ambao wataalamu huuita Botrytis cinerea. Ukungu huu una tabia mbili mbaya. Huweza kuingia tangu mzabibu unapochanua, ukajificha katika tunda bila dalili yoyote, ukangoja. Tena hauogopi baridi: hata penye baridi ya kugandisha maji huendelea kuota, ingawa kwa polepole sana. Tunda moja likipasuka, nyuzi zake huvuka kwenda tunda la jirani, na kutoka kwa jirani kwenda la tatu, mpaka kichala chote kimeshikamana kama kiota cha panya. Basi mtu atakaye kuweka zabibu ana kazi nne: kupunguza joto, kuzuia maji yasikae juu ya ngozi, kulinda vikonyo visikauke, na kuzuia jeraha la tunda moja lisiwe msiba wa mengine. Njia zote tutakazozitaja zajibu baadhi ya kazi hizo, na kila moja yapungukiwa mahali fulani.

Warumi wa kale walilifikiri sana jambo hili. Katika karne ya pili kabla ya Kristo, Marcus Cato aliandika kitabu cha kilimo, na humo alitaja zabibu zilizowekwa ndani ya mitungi. Baada ya zaidi ya miaka mia mbili alikuja Columella, mzaliwa wa Gades, mji ambao leo huitwa Cádiz huko Hispania. Yeye alieleza njia nyingi, na miongoni mwake ni hii: kikonyo kilipokatwa, jeraha lake lipakwe lami, kisha vichala viwekwe katika vyombo ambavyo mifuniko yake imezibwa. Warumi hawakujua habari za vijidudu, lakini walikwisha kujua ya kuwa uovu huingia penye jeraha.

Njia ya vyombo vilivyozibwa haikupata kufanywa vizuri na kwa urahisi kama ilivyofanywa na wakulima wa Afghanistan, hasa katika mashamba yaliyo kaskazini ya mji wa Kabul. Huko chombo huitwa kangina. Mtu huchukua udongo na kuuchanganya na majani makavu ya ngano yaliyokatwakatwa, akaufinyanga kuwa mabakuli mawili mapana, akayaanika juani mpaka yakauke. Hayachomwi motoni kama mitungi yetu. Katika bakuli moja huweka kilo moja au mbili za zabibu zilizochaguliwa, ambazo ngozi yake ni nene na hazina mchubuko. Bakuli la pili hulifunika la kwanza, na ukingo wake huzibwa kwa udongo mbichi. Chombo kikisha kukauka kabisa huwekwa katika chumba kikavu, chenye baridi, mahali pasipopigwa na jua. Zabibu zilizokatwa wakati wa mavuno ya vuli huweza kukaa humo kama miezi sita, hata watu wakazila katika sikukuu ya Nauruzi, ambayo huwa mwezi wa Machi.

Na tuone akili iliyomo humo. Zabibu ndani ya udongo zaendelea kuvuta pumzi, na kwa kuwa chombo kimezibwa, hewa njema hupungua na hewa chafu itokayo katika pumzi yao huzidi. Hewa chafu ikizidi, zabibu zenyewe hupumua kwa taratibu, na ukungu nao hudhoofika. Leo makampuni makubwa ya matunda hujenga maghala ya chuma yenye mitambo ya kupima na kugeuza hewa, kusudi wapate jambo lilo hilo. Mkulima wa Afghanistan hulipata kwa udongo wa shambani kwake. Tena akiba yake imegawanyika katika vyombo vingi vidogo: ukungu ukizuka katika kimoja, huishia humo humo. Sisi tufundishao shuleni tumezoea kuwaambia wanafunzi ya kuwa maarifa hutoka vitabuni. Kangina haikutoka kitabuni.

Watu wa nchi hiyo walijua pia kusafirisha. Katika karne ya 19 wafanya biashara wao walipeleka zabibu India kwa misafara ya ngamia, wakizifunga ndani ya visanduku vya mbao, zimelazwa katika pamba ili zisigongane. Pamba ililinda ngozi, na baridi ya milimani ikafanya kazi iliyosalia.

Ufaransa ilipata njia nyingine, ambayo twakiri ni nzuri ajabu kuitazama. Kando ya mto Seine, karibu na Fontainebleau, kiko kijiji cha Thomery, ambako watu walipanda mizabibu ya aina ya Chasselas juu ya kuta ndefu zilizojengwa kusudi kukusanya joto la jua. Katikati ya karne ya 19 walianza kukata kichala pamoja na kipande cha tawi lake, na mguu wa tawi hilo wakautia katika chupa ya maji, kama mtu atiavyo maua. Ndani ya maji waliweka makaa kidogo ili yasioze. Chupa zilipangwa kwa safu katika vyumba vyenye giza na baridi, kila moja na kichala chake kikining'inia nje bila kugusa kingine. Kikonyo kilichoendelea kunywa maji kilibaki kibichi, na matunda yalikaa mpaka majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata, yakauzwa Paris kwa bei kubwa. Lakini hesabu kazi yake: kila kichala chupa yake, kila siku mtu wa kupita akitazama na kuondoa kwa mkasi kila tunda lililoanza kuharibika. Njia hiyo ilifaa pale palipokuwa na tajiri mnunuzi karibu. Katika karne ya 20, barafu na magari moshi yalipoleta zabibu za mbali, vyumba vya Thomery viliachwa kimoja kimoja.

Sasa twende Hispania, mahali ambapo habari hii ni nzito kuliko pengine pote. Katika jimbo la Almería, kusini-mashariki ya nchi hiyo, kiko kijiji cha milimani kiitwacho Ohanes. Nchi ni kame, na mashamba ni matuta yaliyojengwa kwa mawe kama ngazi za jitu. Kijiji hicho kilitoa jina lake kwa zabibu ambayo hapo mwanzo haikuwa na sifa ya utamu mkubwa. Sifa yake ilikuwa ngozi nene, nyama ngumu, na kuchelewa kuiva. Mizabibu yake ilitambaa juu ya chanja zilizoinuliwa kupita kichwa cha mtu, na maua yake hayakuweza kuzaa vizuri yenyewe. Iliwapasa watu kuyapaka chavua ya mzabibu mwingine kwa mikono, kama wafanyavyo leo wakulima wa vanila wa Uganda na Kagera.

Katika karne ya 19 watu wa Almería waligundua ya kuwa zabibu hiyo ngumu yaweza kuvuka bahari. Waliitia katika mapipa ya mbao pamoja na unga wa gome la mti ule utoao vizibo vya chupa. Kwanza tabaka la unga, kisha vichala, kisha unga tena, na pipa likatikiswa mpaka kila nafasi ikajaa. Unga huo ni mwepesi, mkavu, haunuki, na hauozi. Ulikuwa mto wa kulalia. Ulinyonya maji ya tunda lililopasuka. Nao ulitenga tunda na tunda hata ukungu ukakosa njia ya kupitia. Kabla ya kufunga, wanawake waliketi kwa safu na mikasi midogo, wakigeuza kila kichala na kukata kila tunda lililopasuka, lililo dogo mno, au lenye doa. Twaamini mkasi wa wanawake hao uliokoa zabibu nyingi kuliko unga wenyewe, maana unga huzuia ukungu usihame, lakini hauwezi kuuondoa uliokwisha kuingia.

Mapipa hayo yalifika Liverpool, London na New York, na watu wa huko walikula zabibu za Almería wakati wa Krismasi, theluji ikianguka nje. Milima ilipandwa mizabibu mpaka mahali pasipostahili. Watu walijenga nyumba kwa fedha ya zabibu, wakakopa pia kwa tumaini la zabibu. Hapa na tuangalie neno letu la kungoja. Pipa liliweza kungoja, lakini mwenye shamba hakuwa pamoja na pipa. Mapipa mengi yaliuzwa kwa mnada huko ng'ambo, mbali na macho yake, na meli nyingi zikifika bandarini kwa juma moja, bei ilianguka. Hakuwa na njia ya kuyarudisha. Aliyengoja kwa faida yake alikuwa dalali mwenye ghala.

Kisha ulikuja msiba ambao unga haukuweza kuuzuia. Vita ya 1914 hadi 1918 ilikata njia za meli. Vita ilipokwisha, katika miaka ya kwanza ya 1920, serikali ya Marekani ilifunga milango yake kwa zabibu za Almería kwa sababu ya inzi wa matunda ajulikanaye kwa jina la bahari ya Mediterania. Inzi huyo hutaga mayai ndani ya tunda, na Wamarekani waliogopa asiingie mashambani mwao. Asili yake ni bara letu la Afrika. Wakulima wetu wa maembe na kahawa wamjua vema, hata kama hawajui jina lake la kitaalamu, Ceratitis capitata. Soko kubwa likapotea kwa amri moja. Ilipofika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Hispania, 1936 hadi 1939, matuta mengi yalikwisha kuachwa, na watu wengi walikwisha kuhama kutafuta kazi nchi nyingine.

Wamarekani nao walikuwa na zabibu zao, huko California, na walikuwa na shida ya namna nyingine. Miji mikubwa yenye wanunuzi iko upande wa mashariki, safari ya siku nyingi kwa gari moshi. Walitumia mabehewa yenye barafu, na baridi ilisaidia. Lakini tumekwisha kusema ya kuwa ukungu wa kijivu hauogopi baridi. Walijaribu kuwaiga watu wa Almería, na kwa kuwa hawakuwa na miti ya vizibo, walitumia unga wa mbao za mti wao mkubwa uitwao redwood. Njia hiyo ilifaa kiasi. Kisha mwaka 1925, A. J. Winkler na H. E. Jacob wa Chuo Kikuu cha California walitangaza matokeo ya majaribio yao juu ya hewa itokayo katika kiberiti kinachoungua. Hatusemi kiberiti cha njiti. Twasema ile madini ya manjano inayotajwa katika Maandiko pamoja na moto.

Hewa hiyo, ambayo kila mtu aliyeivuta huikumbuka kwa kikohozi, huua mbegu za ukungu zilizo juu ya ngozi ya zabibu, na huingia katika majeraha mapya kabla ukungu haujaingia. Tena huzuia vikonyo visigeuke kahawia. Haifiki ndani ya tunda lililokwisha kushikwa. Kwa hiyo haitoshi mara moja. Katika maghala, zabibu hufukizwa zikisha kupakiwa, kisha hufukizwa tena kila baada ya siku saba hadi kumi, na katikati huwekwa katika baridi iliyo kati ya digrii moja chini ya sifuri na sifuri yenyewe. Hazigandi, kwa sababu sukari iliyomo huzilinda. Kwa njia hiyo aina zilizo ngumu hukaa miezi kadhaa.

Lakini dawa hii yataka kipimo. Ikizidi, ngozi ya zabibu hupauka kuanzia pale iliposhikana na kikonyo, na ladha huharibika. Wako pia watu, hasa wenye pumu, ambao miili yao haivumilii mabaki yake. Mwaka 1986 serikali ya Marekani ilikataza kutia dawa za jamii ya kiberiti katika matunda na mboga ziliwazo bila kupikwa. Zabibu ziliwekewa sheria yake, na kiasi kinachoruhusiwa kubaki ndani yake hakipiti sehemu kumi katika milioni.

Baadaye ilitengenezwa karatasi yenye chumvi ya kiberiti ndani yake. Huwekwa juu ya zabibu ndani ya sanduku. Unyevu utokao katika zabibu wenyewe huiamsha chumvi, nayo hutoa hewa kidogo kidogo. Karatasi iliyo bora ina sehemu mbili: moja hutoa hewa nyingi siku za kwanza, ya pili hutoa kwa taratibu kwa majuma mengi. Kwa karatasi hiyo na kwa meli zenye baridi, zabibu za Chile na za Afrika ya Kusini huvuka bahari na kuuzwa Ulaya wakati mizabibu ya huko haina hata jani.

Wasikilizaji wa Tanzania watauliza habari za Dodoma. Mizabibu ilipandwa huko na wamisionari wa Bihawana katika miaka ya 1950, ikaenea Hombolo, Makutupora na vijiji vingine. Nchi ile ina jambo ambalo Ohanes na Thomery hazikupata kuwa nalo, yaani mavuno mawili kwa mwaka mmoja. Zabibu nyingi za Dodoma ni za divai, lakini nyingine huuzwa za kula, barabarani na katika vituo vya mabasi, na mwenye kuziuza hana muda mwingi. Viwanda visiponunua kwa wakati, mkulima wa zabibu za divai naye hujikuta katika shida ile ile ya kungoja asikoweza.

Mavuno mawili hayo si sawa. Yale ya Februari na Machi huangukia katika mvua. Ngozi ya tunda huwa na maji, mengine hupasuka, na ukungu hupata mlango. Yale ya Agosti na Septemba huja katika kiangazi, na usiku wa Dodoma wakati huo una baridi. Mtu atakaye kujaribu kuhifadhi, na aanze na mavuno ya kiangazi. Akate asubuhi, umande ukisha kukauka na jua halijawa kali. Ashike kikonyo, asishike tunda, maana lile vumbi jeupe lililo juu ya ngozi ni nta ya tunda lenyewe, na likifutwa halirudi. Asioshe zabibu mpaka siku ya kuliwa. Aondoe kwa mkasi kila tunda lenye jeraha, kama walivyofanya wanawake wa Almería, kisha aziweke kivulini mara moja, katika tabaka moja, si kurundikwa katika ndoo. Na mwalimu aliye na udongo mzuri na majani makavu karibu na shule yake aweza kuwafundisha wanafunzi kufinyanga mabakuli mawili, kutia humo kichala kimoja kisicho na doa, kuziba ukingo, na kuandika tarehe juu yake kwa makaa. Dodoma si Kabul, na baridi yake ni ndogo. Baada ya majuma matatu wakifungue chombo, wahesabu matunda mazuri na mabaya, na kulinganisha na kichala cha pili kilichoachwa wazi mezani.